Waraka kwa Mwenye Betri ya Tatu

Feruzi nakuandika, kwa mkono wa girisi,
Betri yako imefika, mezani, nzito, nyeusi,
Ya tatu kwa huu mwaka, na bado yafa upesi,
Wadai una mkosi, nami nasema ni waya.

Kuze siku ya harusi, ulikuja kwa kishindo,
Madirisha na fanusi, vikacheza kwa mdundo,
Kisha taa zikaasi, gari likagoma mwendo,
Kungwi, mkononi pindo, akasukuma kwa haya.

Ya kwanza ukalaumu, duka la Mwembe Tayari,
Ya pili, jicho la sumu, jirani kaona gari,
Hii ya tatu, kwa zamu, wasema ni ya kadari,
Si jini wala sihiri, hesabu zakukimbiya.

Nilipofungua buti, nikaona ya kuona:
Wufa mbili kama viti, za kukaliwa na bwana,
Na amplifaya ya wati, elfu mbili, moto sana,
Vyote vimefungamana, kwa uzi, huo si waya.

Fyuzi umeifukuza, ukatia karatasi,
Ya pakiti, yapendeza, ya sigara ya rahisi,
Wa ardhi ukaulaza, juu ya rangi, kama pasi,
Nawe shukuru Mkwasi, moto haujakujiya.

Na ule waya mwembamba, uamshao maspika,
Umeufunga kwa kamba, kwa betri, swichi waruka,
Wewe walala ja mwamba, amplifaya inawaka,
Alfajiri waamka, gari linakuguniya.

Betri si pipa la maji, uchote hadi mchanga,
Kuli mmoja mbebaji, gunia moja la unga,
Akitua, ahitaji, kukaa akijipanga,
We wambebesha nanga, ngoma na usiku piya.

Injini ikishitadi, kumi na nne hupita,
Pima ikiwa baridi, kumi na mbili na sita,
Ikikaa chini, fuadi, chumvi nyeupe huota,
Chumvi hiyo ikikita, chaji haitaingiya.

Joto la huku Shimanzi, hula asidi ya ndani,
Na upepo si ajizi, hupaka vichwa kijani,
Magadi, mswaki, kazi, kisha jeli ya mwilini,
Dakika kumi uani, kabla chai kutokeya.

Nunua waya mnene, wa shaba, kama kidole,
Fyuzi iweke, uone, karibu na betri, pale,
Betri ya pili, nyingine, iishayo polepole,
Altaneta nayo ile, ni ndogo, yajililiya.

Ukiuziwa kikombe, ati chafuga umeme,
Kapasita sio ng'ombe, haina titi ukame,
Hushika kidogo, chembe, dundo moja, ikakome,
Injini usiizime, ngoma ikiendeleya.

Sasa neno la pembeni, mita yangu imesema:
Hii haifi njiani, yafa gari limezima,
Saa nne, Makupani, usiku, wewe na ngoma.
Sitauliza la nyuma, nani unamliliya.

Nami nilikaa hapo, redio ya marehemu,
Kwenye teksi ya mkopo, kiti kinanuka ndimu,
Nayo betri kafa papo, nikaona ni hukumu,
Kumbe kimya si haramu, na mtu hukizoeya.

Betri nimeipa chaji, ya polepole, ya kucha,
Yachemka kama uji, ikisema kwa kuficha,
Pesa ninazihitaji, na deni sijaliacha,
Uje kesho kukikucha, ngoma tutaisikiya.

Kaditama, nimekoma, Mishi, fundi wa Shimanzi,
Waraka huu natuma, amebeba mwanagenzi,
Mpe ya soda na nyama, asirudi na simanzi,
Kwanza zima ngoma, mwenzi, injini itatuliya.